Florence Nightingale na Wauguzi Wake

Jina la Florence Nightingale si geni kwa wasomaji wa gazeti hili. Tulilisikia tungali watoto katika shule za chini: bibi wa Kiingereza akipita usiku katikati ya vitanda vya askari waliojeruhiwa, taa mkononi, na kila amtazamaye akipata nafuu. Picha hiyo ni nzuri, wala sitaki kuipinga. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mtu wa kwenye picha hachoki wala halii.

Ndugu zetu kadhaa waliosoma hapa sasa ni wauguzi na waganga wasaidizi. Wakija kututembelea huzungumza habari za zamu za usiku na uchache wa dawa. Mmoja wao alipokuja siku ya wazee wa shule tulimwuliza ni jambo gani lililo gumu kuliko yote katika kazi yake, nasi tulidhani atataja damu au harufu. Akasema ni kutoka katika chumba alimofia mtoto na kuingia cha pili kwa uso mchangamfu, maana mgonjwa wa chumba cha pili hana kosa. Tukanyamaza. Tangu siku ile nilitaka kujua: mtu anayewatuliza wengine kutwa kucha, yeye hutulizwa na nani? Nikarudi kuyasoma maisha ya Bibi Nightingale, nikakuta kwamba swali hilo lilimsumbua yeye pia, tena kwa miaka zaidi ya 40.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa safarini, wakampa jina la mji huo. Dada yake alikuwa amezaliwa Naples mwaka uliotangulia, naye akaitwa Parthenope, ambalo ni jina la kale la Kiyunani la mji ule. Nadhani katika kugawana miji Florence ndiye aliyepata bahati.

Wazazi wake walikuwa matajiri. Walikuwa na nyumba mbili kubwa huko Uingereza, moja Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire, na nyingine Embley katika Hampshire, na kila mwaka walihama kutoka hii kwenda ile kwa kufuata majira. Baba yao aliwafundisha mabinti zake mwenyewe, Kilatini na Kiyunani na historia, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wasichana wa siku zile. Florence alipenda hesabu kuliko yote. (Wale wanaotoroka kipindi cha hesabu na wangoje kidogo, tutayarudia.)

Mwezi wa Februari 1837, hajatimiza miaka 17, alisikia moyoni mwake kwamba Mungu amemwita katika kazi. Ni kazi gani, hakuambiwa. Alikaa miaka mingi akitafuta, hata akatambua kwamba ni kuuguza wagonjwa. Mwaka 1845 akaomba ruhusa nyumbani aende kujifunza katika hospitali ya Salisbury, karibu na kwao. Ilikuwa kama ameomba kwenda kuuza pombe. Siku zile hospitali zilikuwa mahali pa maskini, watu wenye fedha waliuguzwa nyumbani kwao, na wanawake waliouguza hospitalini walisemwa kuwa ni walevi wasio na adabu. Wengine walikuwa hivyo kweli. Lakini ni nani asiyejua sababu? Walilala penye kelele za wagonjwa, wakapika chakula chao wenyewe pembeni, wakakesha usiku kucha kwa malipo madogo, na hakuna aliyewauliza hali. Kileo kilikuwa ndicho rafiki yao. Mama yake na dada yake walilia kwa hasira, na shauri likafa.

Miaka ikapita. Akaposwa na mtu mwema na mashuhuri, Richard Monckton Milnes, akamkataa ingawa alimpenda. Alidhoofika kwa huzuni mpaka rafiki zake, Bwana na Bibi Bracebridge, wakamchukua mwaka 1849 kwenda naye Misri, wakapanda mto Nile kwa mashua hata Abu Simbel. Huo ndio mto wetu, uanzao safari yake Jinja, ingawa wakati ule wasafiri wa Ulaya walikuwa hawajajua unakotoka. Walipokuwa wakirudi kupitia Athens akaokota kinda la bundi aliyekuwa akiteswa na watoto, akamfuga, na kumtembeza mfukoni mwake. Kwetu bundi hapendwi, lakini nimeona niandike habari hii ili ijulikane kwamba alikuwa mtu wa kuhurumia viumbe hata visivyokuwa na faida.

Katika mwaka 1851 alipata hatimaye kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, ambapo mchungaji mmoja aitwaye Theodor Fliedner alikuwa amekusanya wanawake kutunza wagonjwa na yatima. Alipokuwa mzee Florence alisema kwamba uuguzi wenyewe pale haukuwa kitu. Lililomkaa moyoni ni namna wanawake wale walivyoishi. Walikula meza moja, walikuwa na mkubwa wao wa kumwendea kwa shida, na hakuna aliyeona haya kwa kazi yake. Kwa mara ya kwanza maishani alijiona yuko kwao.

Basi mwezi wa Agosti 1853 akapewa kusimamia nyumba ndogo ya wagonjwa wanawake katika mtaa wa Harley Street, London. Hakulipwa, baba yake alimpa pauni 500 kwa mwaka za matumizi. Tazama sasa lile alilolitaka mwanzo. Alidai maji ya moto yapandishwe kwa mabomba hata ghorofa za juu, chakula cha wagonjwa kivutwe juu kwa kamba na gurudumu, na kengele ziwekwe kwa namna ambayo mwuguzi akiitwa ataona mara moja ni mgonjwa yupi. Hakutaka mwuguzi amalize siku yake kwenye ngazi. Mtu aliyepanda na kushuka ngazi mara 50 na ndoo mkononi hana tena uso wa kumchekea mgonjwa. Jambo hili ni dogo, na watu hawalitaji, lakini mimi naona ndipo palipoanza kazi yake yote.

Mwaka uliofuata ikaja vita. Mwezi wa Machi 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia upande wa Uturuki kupigana na Urusi, na mapigano yakawa katika rasi ya Crimea kwenye Bahari Nyeusi. Majeruhi na wagonjwa walipakiwa katika meli wakavushwa bahari hata Scutari, mahali panapoitwa leo Üsküdar, ng'ambo ya mji wa Istanbul, wakalazwa katika kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa kuwa hospitali. Gazeti la The Times likaandika kwamba hakuna bendeji wala wauguzi, na watu wa Uingereza wakawaka. Waziri Sidney Herbert, rafiki yake Florence, akamwandikia barua kumwomba aende, na wakati huo huo Florence alikuwa ameandika kujitolea. Barua zao zikapishana njiani.

Aliondoka London tarehe 21 Oktoba 1854 na wanawake 38. Katika hao 10 walikuwa masista wa Kikatoliki, 14 wauguzi wa hospitali wa kulipwa, na waliobaki walitoka katika nyumba mbili za Kanisa la Kiingereza. Walifika tarehe 4 Novemba. Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Florence akaamuru kwamba hakuna atakayemgusa mgonjwa mpaka daktari aombe, na wanawake wale wakakaa chumbani kushona mashati na kukunja bendeji, huku wakisikia watu wakilia nje ya mlango. Fikiri ugumu wa jambo hilo. Wamevuka bahari mbili ili wasaidie, nao wameambiwa washone. Wengine walimchukia bibi mkubwa wao kwa ajili ya amri hiyo. Siku chache baadaye meli zikaja zimejaa watu wa vita ya Inkerman, na madaktari waliokuwa wakijivuna wakaja wenyewe kuomba.

Kuhusu majira yale ya baridi mengi yameandikwa. Vitanda na magodoro vilipangwa katika korido ndefu kilomita kadhaa. Chini ya jengo mifereji ya uchafu ilikuwa imeziba. Wanaume wazima walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa kuliko kwa risasi. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42. Mwezi wa Machi wakaja mabwana afya waliotumwa na serikali, wakazibua mifereji na kupaka kuta chokaa, na hata kufika Juni walikufa 2 tu katika 100.

Lakini katika miezi ile mibaya wauguzi wenyewe waliishije? Wote walisongamana katika vyumba vichache vya mnara mmoja wa jengo, pamoja na panya na viroboto, na maji ya kunawa yakapimwa. Watu wa madhehebu mbalimbali waliotazamana kwa shaka walilala kitanda kwa kitanda. Mchana walishika mikono ya vijana waliokatwa miguu. Jioni waligombania jiko. Mmoja alilalamika kwa uchungu juu ya kofia ya sare, kwamba haimpendezi usoni, na vitabu vimemcheka tangu siku hiyo. Mimi simcheki. Mtu aliyeona vifo 10 kwa siku hawezi kulilia vifo vyote 10, basi atalilia kofia. Wengine wakarudi kwenye chupa, wakapelekwa kwao. Wengine wakaolewa na askari. Wengine wakashikwa na homa, na kuna waliozikwa kule kule.

Florence aliweka sheria kwamba baada ya saa mbili usiku mwuguzi yeyote asionekane katika wodi za wanaume. Usiku ulikuwa wake peke yake. Hiyo ndiyo asili ya ile taa: taa ya Kituruki, ya kitambaa cha kukunjwa, si kama ile ya vioo ambayo wachoraji humpa. Alizunguka, akarudi chumbani, akaketi kuandika. Aliandika kwa serikali kudai mashati na sabuni, na aliandika kwa akina mama na wajane wa wale waliokufa. Kila barua ilimweleza mama mmoja jinsi mwanawe alivyokufa, alisema nini mwisho, alimtaja nani, na ikafunga ndani yake saa au fedha kidogo alizoacha. Waalimu wetu hutuambia kwamba kuandika barua ya rambirambi moja ni kazi ngumu. Yeye alikuwa na nyingi, baada ya siku ya kazi ya saa nyingi, na asubuhi uso wake ulitakiwa uwe shwari, maana wote walimtazama yeye.

Je, alikuwa na mtu wa kumwegemea? Alikuwa naye mmoja hasa, Mama Mary Clare Moore, mkubwa wa masista wa Bermondsey, London. Huyu alikuwa Mkatoliki, na Florence alikuwa Mprotestanti, na katika Uingereza ya siku zile ukuta huo ulikuwa mrefu. Lakini Mama Clare alikuwa mtu mpole asiyetaka sifa, na Florence aliungama baadaye kwamba yule alistahili kuwa mkubwa kuliko yeye. Walipendana hata kufa. Waliandikiana barua karibu miaka 20, mpaka Mama Clare alipofariki mwishoni mwa 1874. Hata shangazi yake Florence, Bibi Mai Smith, akaja mwezi wa Septemba 1855, akakaa naye hata mwisho wa vita.

Hapa niseme kidogo juu ya mwanamke mwingine, kwa kuwa wenzangu wataniuliza. Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, binti wa mama mweusi na baba Mskoti, alijua sana dawa za homa na kipindupindu. Aliomba London apelekwe na wauguzi, akakataliwa, naye akaamini kwamba ngozi yake ndiyo iliyomponza. Akaenda kwa fedha zake mwenyewe na mshirika wake, akajenga nyumba ya chakula na dawa karibu na Balaclava. Askari walimwita mama. Vita ilipokwisha alirudi Uingereza akiwa amefilisika, ndipo askari wale wale wakachanga kumsaidia. Alifariki 1881. Maisha yake yanataka makala peke yake.

Mwezi wa Mei 1855 Florence alivuka kwenda Crimea kukagua hospitali, akashikwa na homa hata wakamkata nywele na kudhani anakufa. Hakurudia kuwa mzima. Madaktari wengi wa siku hizi wanafikiri ulikuwa ugonjwa wa brusela, uletwao na maziwa mabichi, ambao wafugaji wa nchi zetu wanaujua: homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya mgongo, na moyo mzito. Alikataa kurudi kwao mpaka askari wa mwisho ameondoka. Mwaka 1856 taifa zima lilikuwa limetayarisha ngoma na bendi za kumpokea. Yeye alisafiri kwa jina la Bibi Smith, akashuka katika kituo cha gari la moshi tarehe 7 Agosti, akatembea kwa miguu hata Lea Hurst.

Hakupumzika. Alikuwa na ghadhabu juu ya vijana waliokufa bure. Sasa zikaja zile hesabu. Pamoja na mtaalamu aitwaye William Farr alihesabu vifo vyote vya jeshi na sababu zake, akavichora kwa duara zilizogawanywa kama vipande vya chungwa, ili hata waziri mvivu aone kwa mtazamo mmoja kwamba uchafu uliua wengi kuliko Warusi. Kumbe hesabu zilimwonyesha pia kwamba hospitali yake mwenyewe ya Scutari ilikuwa miongoni mwa mahali palipoua zaidi, kwa sababu ya mifereji ile chini ya sakafu. Mwezi wa Agosti 1857 alianguka kabisa. Wako wanaosema ilikuwa ile homa tu, na wako wanaosema ni uchungu wa kujua jambo hilo. Nionavyo mimi, mwili na moyo havikugawanyika hivyo. Alikuwa na umri wa miaka 37, na tangu hapo kwa miaka mingi aliishi chumbani, kitandani au kwenye kochi, akiandika.

Na hapa sharti niseme lililo kweli, ingawa si zuri. Mtu huyu aliyejua uchovu kuliko wengine hakuwaonea huruma waliokuwa karibu naye. Sidney Herbert, aliyefanya naye kazi ya kurekebisha jeshi, aliugua figo. Alipomwambia kwamba hawezi tena, Florence alimlaumu. Alifariki tarehe 2 Agosti 1861, naye akamlilia kwa miaka. Yule shangazi Mai, aliyemtunza Scutari na London, alipotaka kurudi kwa mumewe na watoto wake mwaka 1860, Florence alihesabu kuwa ameachwa, na uhusiano wao ukakatika kwa miaka mingi. Aliyebeba mzigo mzito mno wakati mwingine huona wengine wote kama wavivu.

Lakini wakati huo huo alikuwa akijenga. Watu wa Uingereza walikuwa wamemchangia fedha, zaidi ya pauni 44,000, naye akazitumia kufungua chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Walianza na wanafunzi 15 chini ya Bibi Wardroper. Mwanafunzi alipata chakula, sare, kufuliwa nguo zake, chai na sukari, na pauni 10 kwa mwaka. Juu ya hayo alipata kitu ambacho mwuguzi wa kale hakukiota: chumba chake mwenyewe cha kulala, chenye mlango wa kufunga, na sebule ya pamoja yenye vitabu na maua. Sisi tunaolala katika mabweni twajua thamani ya mlango. Mtu aliyeshika uso wake usilie kwa saa 12 anahitaji mahali pa kuuachilia, na baada ya hapo anahitaji mahali penye wenzake.

Nidhamu nayo ilikuwa kali. Kila mwezi mwanafunzi aliandikiwa karatasi ya tabia zake: ukimya, uaminifu, kuwahi, usafi. Nadhani wengine waliogopa karatasi ile kuliko kipindupindu. Tena chuo kilikuwa na makosa yake. Florence alikuwa na mambo ya India na ya jeshi, na mpaka 1872 hivi hakukitazama kwa karibu. Alipokitazama akakuta mafundisho ni haba na wanafunzi wamechoka kwa kutumikishwa wodini. Ndipo akaanza kuwaandikia barua ndefu, karibu kila mwaka, ikasomwa mbele yao wote. Aliwaandikia kama mtu anayejifunza pamoja nao, akijitaja mwenyewe kuwa mkosaji.

Tena akaanza kuwaita nyumbani kwake South Street, mmoja mmoja, kunywa chai. Jambo hili limenipendeza kuliko ile taa. Mgonjwa wa miaka, aliyewakataa mabwana wakubwa mlangoni kwa kusema hawezi kuonana na watu, alimpa msichana wa miaka 25 saa nzima au mbili, akimwuliza habari za wodi yake, za wagonjwa wake, anakula nini, analala saa ngapi. Mgeni alipoondoka Florence aliandika habari zake ili asisahau. Akisikia kwamba mwuguzi fulani anaumwa alimpelekea mayai, matunda au supu. Aliyechoka sana alimtafutia mahali pa kupumzika shamba. Waliopelekwa kuwa wakubwa wa hospitali za mbali, kama Bibi Pringle aliyekwenda Edinburgh, waliandikiana naye miaka na miaka, na katika barua hizo kulikuwa na mambo ya vitanda na fedha, na pia machozi.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Mwaka 1865 mmoja wa wanafunzi wake bora, Agnes Jones, alipelekwa Liverpool pamoja na wauguzi 12 kutunza hospitali ya nyumba ya maskini, yenye wagonjwa zaidi ya 1,000. Hapakuwahi kuwa na uuguzi wa kweli katika nyumba kama hiyo. Agnes aliamka alfajiri na kulala wa mwisho. Aligombana na walevi, akatuliza wakubwa wa mji, akawazika wengi. Alikuwa mkubwa wa nyumba, na kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumlilia hapo. Miaka mitatu haijatimia, homa ya taifasi iletwayo na chawa ikamshika, nao mwili wake ulikuwa umekwisha nguvu. Alifariki tarehe 19 Februari 1868, umri wake miaka 35. Florence aliandika habari zake zikachapishwa mwaka ule ule, na kazi ya Liverpool ikaendelea. Lakini alikuwa amepoteza mtu, tena mtu aliyemtuma yeye.

Nikitazama tarehe, naona kwamba hangaiko lake juu ya maisha ya wauguzi lilizidi baada ya msiba huo. Lilionekana wazi zaidi mwaka 1876. London ilikuwa imeanza kutuma wauguzi wa kwenda nyumba kwa nyumba kwa maskini, na watu waliotoa fedha walifikiri ni rahisi kila mwuguzi apange chumba chake mtaani. Florence akaandika katika The Times kukataa. Alieleza kwamba mwanamke huyu hutoka kutwa katika mvua, katika vyumba vya giza vyenye uchafu na vifo. Akirudi kwenye chumba cha baridi, awashe moto mwenyewe, apike mwenyewe, akae na huzuni yake mwenyewe, hatadumu. Lazima wauguzi wa wilaya moja wakae nyumba moja, chini ya mkubwa aliyejifunza kazi hiyo hiyo, wakute chakula kimeiva na moto unawaka, na mtu wa kumsimulia yaliyowapata siku ile. Aliwaeleza watoa fedha kwamba hayo si anasa, ni sehemu ya kazi, sawa na bendeji. Zikafunguliwa nyumba za namna hiyo, na desturi ya nyumba za wauguzi ikaenea nchi nyingi pamoja na uuguzi wenyewe, hata kufika kwetu.

Uzeeni alilainika. Picha za wakati huo zinamwonyesha mwanamke mnene mwenye uso mkunjufu, si yule mwembamba mwenye macho makali. Alipatana na shangazi yake, akamtunza mama yake na dada yake walipougua, wale waliomzuia zamani. Macho yakaanza kufifia, na katika miaka yake ya mwisho hakuona tena. Mwaka 1907 mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya Order of Merit, ambayo hakuna mwanamke aliyepata kupewa kabla yake. Walipomletea hakufahamu sana ni kitu gani, akashukuru tu kwa adabu.

Alifariki usingizini tarehe 13 Agosti 1910, umri wake miaka 90. Serikali ilitaka kumzika Westminster Abbey pamoja na wafalme, jamaa zake wakakataa kwa sababu alikuwa ameagiza hivyo. Katika kanisa kuu la St Paul's London walimwombea, na wauguzi wakajaa. Lakini mwili ulipelekwa East Wellow, kijiji kilicho karibu na Embley, ukachukuliwa na masajini sita wa jeshi hata kaburi la wazazi wake. Juu ya jiwe, upande wake, ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake, na miaka ya kuzaliwa na kufa.